Kinga ya Shifu na Sikio la Mama Birika

Benchi lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemezwa ukutani kati ya duka la cherehani na duka la kinyozi, upande ambao jua la asubuhi hufika kwanza. Wenyewe walikuwa watatu. Fundi cherehani waliyemwita Shifu, yaani mwalimu kwa Kichina, kwa sababu ujanani alijifunza kung fu miaka tisa katika ukumbi ambao siku hizi umegeuzwa stoo ya saruji. Na mpaka leo, na miaka yake hamsini na minne na kitambi chake, akimpima mtu suruali huitanua miguu kama anayengoja kurukiwa. Kinyozi waliyemwita Wembe, ambaye kimya hakijapata kumfaa. Na mwalimu mstaafu wa hesabu waliyemwita Chaki, ambaye hakukubali kamwe kwamba kengele ya mwisho ilishalia. Mbele yao, juu ya kigoda, alikaa Mama Birika na jiko lake la mkaa. Alikuwa amewauzia kahawa miaka kumi na mmoja, na kuwanyamazisha kila walipozidi.

Asubuhi hiyo hakuwanyamazisha. Shifu ndiye aliyeona kwamba kila akisemeshwa anageuza kichwa, asikilize kwa sikio la kulia.

— Dada, la kushoto bado?

— Bado linavuma, akasema Mama Birika. Kama kuna redio humo ndani haijashika stesheni.

Siku nne kabla, alfajiri, akija na vitu vyake, kwenye kichochoro cha nyuma ya ghala, njia yake ya mkato kutoka nyumbani, mtu alimtokea ubavuni akamzaba kofi la sikio. Kabla hajajua yuko wapi, mfuko ulishakwenda na simu ndani yake. Tangu hapo alikuwa anazungukia barabara kubwa.

— Na nikizunguka, akasema, nafika wateja wa asubuhi wameshaingia kazini. Nawauzia ninyi watatu tu, ninyi wenyewe kikombe kimoja mnakaa nacho mpaka adhuhuri. Nimefikiria sana. Labda nikae nyumbani tu.

Benchi zima likamgeukia. Wembe akasahau kunywa.

— Nyumbani ufanye nini? akauliza Chaki.

— Nisizabwe, mwalimu.

Shifu aliweka kikombe chini. Alichosikia akakiita hasira, ingawa kilikuwa na uoga ndani yake. Benchi bila mama huyu lingekuwa ubao tu.

— Utapita palepale, akasema. Nitakufundisha kinga.

— Kinga gani?

— Kinga ya juu. Nimeifanya kila asubuhi miaka thelathini na tano.

— Kweli, akadakia Wembe. Mimi humwona kupitia pazia. Nilidhani ni mgongo unamsumbua.

 Shifu alisimama, akajifuta vipande vya uzi magotini, akaonyesha. Mguu mmoja mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooka. Ngumi ya kushoto imebanwa kiunoni. Mkono wa kulia ukaanza chini, ukapanda mbele ya kifua, ukajizungusha na kusimama juu ya paji la uso. Kwa kweli ilipendeza. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli aligeuka kutazama.

— Hiyo nyuzi ngapi? akauliza Chaki.

— Nyuzi gani, mwalimu?

— Ya mkono! Ikiwa arobaini na tano, kofi linateleza. Ikiwa tisini, mfupa unapokea mzigo wote. Huyu binti akachukue kipimapembe kwanza.

— Mzee, mtu anakuja kukuzaba, wewe unatafuta kipimapembe? akasema Wembe. Mimi nasema apake mafuta. Mkono mzima, mpaka begani, na shavu pia. Kofi likifika, serere! linapita linakwenda zake.

— Na mfuko nitaushikaje nikiwa nimejipaka mafuta? akauliza Mama Birika.

— Basi apite kwa kupinda-pinda, akasema Chaki. Mwizi hupiga hesabu ya mwendo. Ukienda moja kwa moja, amekupata. Hatua tatu kulia, mbili kushoto, tano kulia. Namba tasa. Hakuna mwizi anayejua namba tasa.

— Mimi mwenyewe sizijui, mwalimu.

— Ndiyo maana uliibiwa simu.

Wembe akainuka, macho yanamng'aa, na wote wakajua linakuja kubwa zaidi.

— Sikilizeni. Dawa ni kumwamkia. Ukimwona tu: shikamoo! Mwizi ana mama yake, amelelewa, lazima aitikie marahaba. Sasa hakuna binadamu anayeweza kusema marahaba huku anazaba kofi. Mdomo ukishasema marahaba, mkono unalegea wenyewe. Jaribuni.

Chaki alijaribu, kimyakimya, mkono hewani. Akaurudia. Alionekana kusumbuka.

— Lakini huyu binti ni mkubwa kuliko mwizi, akasema. Yeye ndiye wa kuamkiwa.

— Hapo ndipo anapochanganyikiwa!

— Basi, akasema Shifu. Wembe, vua kandambili. Njoo unipige nayo kama yule mtu alivyompiga. Usinionee huruma.

Wembe hakuhitaji kuombwa mara mbili. Shifu alisimama kama alivyofundishwa, ngumi kiunoni, macho mbele. Alitegemea pigo lije juu, lishuke kama shoka, ndivyo yalivyokuja mapigo yote ya ukumbini. La Wembe lilizunguka kutoka pembeni. Paa! Kandambili ikatua sikioni na mlio uliofika mpaka ng'ambo ya barabara, na mkono wa Shifu ukawa ndio kwanza unapita kifuani.

Chaki alicheka mpaka akashika ubao. Wembe alicheka, akaomba radhi, akacheka tena.

— Tena, akasema Shifu, shavu linamwaka moto. Ulianza sijawa tayari.

— Na yule hakuniuliza kama niko tayari, akasema Mama Birika.

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anafuta vikombe. Lakini Shifu aliingia dukani mwake na kukaa nyuma ya cherehani, mguu juu ya kikanyagio bila kukanyaga. Kupitia pazia aliwasikia wenzake wameshusha sauti, kama watu walio nje ya wodi. Alimkumbuka mwalimu wake wa kung fu, mtu mfupi mwenye fimbo, aliyewagonga miundi na kuwaambia wasibadilishe hata kidole, kwamba kinga hiyo imepita mikononi mwa watu wengi kabla yao na wao si wa kuiharibu. Shifu hakuwa ameiharibu. Aliitunza kama nguo ya harusi kabatini, na leo ndiyo kwanza imevaliwa, ikapasuka hapohapo.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo benchi halikulijua. Alipotoka nje, akalisema akiwa amesimama, kabla hajabadili nia.

— Mimi sijawahi kupigana na mtu.

— Hujawahi vipi? akauliza Wembe. Na ile hadithi ya wanne uliowapiga kituo cha basi?

— Haikutokea. Mlisema ninyi, mimi nikanyamaza. Nilipenda ilivyokuwa inasimuliwa.

 Wembe akasogea kwenye ubao.

— Kaa, kaka. Hadithi yenyewe ilikuwa nzuri, tutaiacha ilivyo.

Shifu akakaa. Mama Birika alifanya alichojua. Aliinama kummiminia kahawa mpya, akafunua kifuniko cha birika kuangalia kama imechemka. Ilikuwa imechemka kupita kiasi; mvuke ukamrukia usoni. Mara moja, bila kufikiri, mkono wa kushoto uliruka juu, kiwiko mbele, kiganja kikashika kisogo, kidevu kikajificha begani, macho nusu wazi. Akafyonza kidogo, na mkono ukaanza kushuka.

— Usiushushe!

Mama Birika aliganda. Shifu alikuwa ameshasimama.

— Dada, usiushushe huo mkono. Kaa hivyohivyo.

— Kahawa itamwagika.

— Imwagike!

Hilo halikuwahi kusemwa kwenye benchi lile, na wote wakamtazama. Alimzunguka mama wa watu kama anayepima koti. Kiwiko kilikuwa mahali palepale ambapo mwalimu wake alikuwa akikitaka. Mfupa wa mkono ulilinda sikio, na bega lilifunika taya. Tofauti ilikuwa mwanzo tu. Ya ukumbini ilianzia kiunoni, kwa sababu ukumbini mwenzako anakuinamia kwanza kwa heshima, anakusubiri, ndipo anapiga. Hii haikuanzia popote. Mshtuko wenyewe uliipandisha.

— Umefanya hivyo mara ngapi?

— Kila siku. Miaka kumi na mmoja. Wewe ulidhani mvuke unabisha hodi?

— Basi wewe umefanya mazoezi kuliko mimi.

Wakaanza upya. Safari hii Shifu alifundisha kwa sauti ya chini, anasimama, anafikiri, anarudi nyuma kujisahihisha. Ngumi ya kiunoni aliiondoa.

— Mikono iwe juu tangu mwanzo, viganja wazi, kama unayemwambia mtu, basi ndugu yangu, yaishe. Anayetazama ataona unaomba. Wewe uko tayari. Likija pigo, mkono unaruka kama kwenye mvuke. Usirudi nyuma, ukirudi nyuma unampa nafasi ya kuzungusha mkono. Ingia. Hatua moja, kiwiko kitangulie kifuani kwake.

— Niingie kwake? Yule mtu?

— Najua. Ndiyo ngumu kuliko zote.

— Halafu nampiga?

— Halafu unakimbia unapiga kelele.

— Hata kofi moja simpigi?

— Dada, nataka ufike hapa. Kumpiga hakunihusu.

Wembe aliinua kandambili. Mara ya kwanza ilimgusa Mama Birika utosini, naye akaitukana kandambili, si Wembe. Mara ya pili alifumba macho. Ya tatu alirudi nyuma akakanyaga mguu wa Chaki, ambaye alitoa sauti isiyolingana na elimu yake. Ya nne, Wembe alizungusha mkono kwa nguvu, kwa sababu alishaanza kusahau ni mchezo, na Mama Birika akaingia. Kiwiko kikakita kifuani mwa kinyozi, kandambili ikaruka juu ya paa la duka, na Wembe akakaa chini barabarani, miguu mbele, kama mtoto anayengojea uji.

 Mama Birika akacheka. Alicheka mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye sikio lake bovu, machozi yanamtoka, na Shifu akagundua kwamba kwa siku nne hakuwa amesikia sauti ile.

— Nyuzi sitini, akasema Chaki, anasugua mguu wake. Kwa makadirio.

— Aongezewe na mafuta sasa, akasema Wembe kutoka chini, hakuna atakayemgusa.

Kulikuwa na mwanamke amesimama mlangoni kwa Shifu, sare ya kazi mkononi, zipu yake imekatika. Alikuwa amengoja muda, hawakumwona. Alikuwa mgeni mtaani. Wiki hiyo ndiyo kwanza amehamia.

— Samahani, akasema. Sikutaka kuwakatiza. Huyo mama anapita hapo kichochoroni na nani?

— Peke yake, akajibu Wembe.

— Na ninyi mnakaa wapi?

Wembe akaonyesha kwa kidole, ng'ambo ya ghala. Chaki vilevile, ng'ambo ya ghala, mlango wa tatu. Shifu naye.

— Ahaa, akasema yule mwanamke. Sasa kwa nini hamji naye?

Aliuliza kwa nia njema kabisa, kama anayeuliza njia. Wembe alikumbuka kandambili yake ilikuwa bado juu ya paa. Chaki alisafisha koo, akatafuta kanuni, hakuipata. Shifu alichukua ile sare akaanza kuikagua zipu kwa umakini ambao zipu haikuuhitaji. Mama Birika aliwatazama mmoja mmoja, akainua birika na kuwamiminia wote. Wa kwanza kumiminiwa alikuwa mgeni.

Kesho yake, anga bado ya kijivu, Shifu alitoka kwake akielekea nyumbani kwa Mama Birika. Hakuwa amemwambia mtu. Njiani alimkuta Chaki na fimbo yake, ambaye alisema daktari amemwagiza atembee kwa ajili ya presha. Mlangoni kwa Mama Birika walimkuta Wembe, amekwishafika, anajifanya anafunga kamba za viatu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amevaa viatu vya kamba.

Mama Birika alifungua mlango, akawaona watatu. 

— Mmeamkaje, akasema, akakohoa kidogo. Haya basi, msisimame kama wadai. Shikeni vitu.

Wakashika. Shifu alipewa jiko kichwani na birika mkononi. Wembe alipewa gunia la mkaa, akalalamika toka hatua ya kwanza. Chaki alibeba beseni la vikombe kwa mikono yote miwili, fimbo amebana kwapani, akisisitiza kwamba namba tasa bado zina maana na kwamba wahesabu hatua. Wakaingia kichochoroni hivyo, wanabishana, vikombe vinalia. Kama angetokea mtu asubuhi ile, mwenye mikono mitupu alikuwa mmoja tu. Naye alikuwa ametangulia mbele, anawaambia waongeze mwendo.