Sori ya Andati

Andati: Haloo? Hapo ni kwa duka ya Husseini?

Erastus: Ni kwake. Lakini anayeongea ni Erastus. Nani?

Andati: Ni mimi, baba. Andati. Mulembe.

Erastus: Mulembe, mkwe. Nimetolewa kwa miwa, panga bado iko mkononi. Sema.

Andati: Niko Nairobi, kwa kibanda cha simu. Ni juu ya mke wangu, Awinja. Tangu Pasaka yuko kwenu, na mimi nilitaka kusema... [mkwaruzo]... sori.

Erastus: Hiyo ulishaituma na watu.

Andati: Sasa naisema mwenyewe, baba.

Erastus: Andati, hapa nikijikwaa, jirani ananiambia sori, na si yeye aliweka jiwe. Edah wa hapa kijijini alizika bwana yake, akaambiwa sori. Karani wa ofisini akitaka nitoke dirishani pake, sori, sori. Mpaka mtu akitaka kupita kanisani. Wewe yako ni gani?

Andati: Ya kuomba msamaha.

Erastus: Msamaha wa nini?

Andati: Wa... yale yaliyotokea.

Erastus: Yaliyotokea. Kama mvua ya mawe.

Andati: Baba, sarafu zinaisha. Jumamosi nakuja na baba zangu wadogo, tukae chini vile inatakiwa—

Erastus: Najua. Mama yake ameshafunga kuku, ingokho ya kuwachinjia. Lakini siwezi kukaa na wazee juu ya sori. Wataniuliza kijana alifanya nini. Nitasema nini?

Andati: [sarafu inaingia]

Erastus: Haloo?

Andati: Nilimpiga.

Erastus: Hiyo alituambia. Kofi.

Andati: Haikuwa kofi. Ilikuwa mshipi, baba. Upande wa chuma.

Erastus: [panga inawekwa chini]

Andati: Baba? Unanisikia?

Erastus: Na mimi nilikuwa namuuliza kwa nini analala kwa tumbo.

Andati: Baba, sori, mimi—

Erastus: Wacha. Umesema ukweli, nimeusikia. Jumamosi msije.

Andati: Lakini wazee wameshajipanga. Nitawaambia nini?

Erastus: Waambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Mshipi, na upande gani. Sisi huku tutakaa kwanza na Awinja.

Andati: Na atarudi?

Erastus: Wiki yote nimekuwa nikimwambia arudi. Sasa nyamaza, niende nim—

Andati: Baba, mwambie kwamba—

Erastus: Haloo? Imekata. Husseini, shika simu yako. Naenda kufungua ile ingokho.