Kuku Niliyemkataa Naitiri

Bwana asifiwe! Asifiwe na walioshiba, asifiwe na sisi tunaoacha sahani ikiwa nusu!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Wafula wa Kibomet, yule mliyekuwa mkimtafutia kiti kipana kwa harusi. Presha ilikuwa juu, magoti yananilia. Daktari akaniandikia sindano ya kupunguza uzito, ya kujidunga tumboni kila wiki. Akanionya vizuri: kula kidogo kidogo, kunywa maji, usijiongezee dozi, na ukitapika bila kuacha au tumbo likiuma sana, kimbia hospitali. Sikumwambia mtu mwingine. Kwetu ukikonda wananong'ona una ugonjwa, na ukisema ni sindano wanacheka.

Hamu ya chakula ikaniacha, na watu nao wakafuata. Si mnajua huwezi kuingia kwa mtu ukatoka bila kula? Nilienda Naitiri kwa Mama Nekesa, rafiki yangu tangu usichana, akanichinjia kuku. Nikaonja mchuzi, nikasukuma sahani. Alifunika tu ile nyama, na tangu hapo hakunipigia simu tena. Nikaacha kwenda chama, nikaacha harusi, nikaacha hata matanga. Watoto wako mbali, mume wangu alishatangulia. Nilikuwa napika chai ya mtu mmoja na inapoa kwa kikombe. Ndugu zangu, upweke unauma kuliko sindano!

Basi ukatangazwa mfungo wa akina mama wa kanisa, tukutane Naitiri. Nilifurahi jamani! Hapo hakuna mtu angeniuliza kwa nini sili. Wenzangu wakilegea kwa njaa, mimi niko wima naimba. Wakasema, "Huyu mama ako na upako!" Upako gani? Ilikuwa dawa! Na ulikuwa mfungo mkavu, hata maji hatugusi. Maneno ya daktari niliyakumbuka sana, lakini niliogopa kubaki nje peke yangu tena.

Nikaanza kutapika. Tumbo likanishika mpaka mgongoni, mkojo ukakauka, macho yakaona giza. Akina mama wakazidisha maombi. Ni Mama Nekesa, naye alikuwa amefunga nasi, aliyesema, "Tutaomba tukiwa njiani, bana," wakanipeleka hospitali ya misheni kule Lugulu.

Muuguzi akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?" Mama Nekesa alikuwa amenishika mkono, na mimi nikanyamaza. Ndugu zangu, ningekufa na aibu yangu mdomoni! Lakini Bwana akanifungua kinywa. Nikasema, "Najidunga sindano ya kupunguza mwili, na nimefunga bila maji." Hapo wakajua pa kuanzia. Wakaniwekea dripu, wakapima damu, wakasimamisha sindano. Daktari akasema mwili ulikuwa umekauka na figo zilikuwa zimeanza kulemewa.

Mama Nekesa alilia. "Ati ni hiyo tu? Mimi nilidhani umekataa chakula yangu. Si ungeniambia nikukatie kidogo?"

Mungu ni mwema! Nilipopona, daktari wangu alinianzishia tena sindano kwa dozi ndogo, na ananifuatilia. Wakati wa mfungo naomba na chupa yangu ya maji na uji wangu, na mbingu hazijafungwa. Nawashukuru wauguzi, namshukuru Yesu aliyewapa mikono.

Na wewe uliyeficha dawa yako chumbani, nakuomba: usijidunge ya kuazima, usijipandishie dozi, mwambie daktari kila unachotumia na kila unapofunga. Kisha mwambie mtu mmoja anayekupenda. Mtegemee Bwana, hajakuita ubebe siri hiyo peke yako!

Juzi nilirudi Naitiri. Mama Nekesa alichinja kuku, akaniwekea kipande kimoja kwa sahani ya mtoto, akaketi karibu yangu. Nikala chote. Amina!