Mzee Rangi na Uso wa Mkewe

Mhariri wetu wa video, yule tunayemwita Mzee Rangi, anastaafu Ijumaa hii tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na saba ndani ya chumba kile cha pazia jeusi. Nimeambiwa maneno ya kumuaga niandike mimi mpika chai, maana ninyi wa kompyuta mmesema hamna muda. Haya. Msiniletee masahihisho.

Asiyejua kazi yake aijue leo. Uso ukitoka na rangi mbaya, wavivu hubadilisha picha nzima, uso unapona, shela nyeupe ya bibi harusi inakuwa kama maji ya deki. Yeye hakuwa hivyo. Alichora mstari kuzunguka uso tu, wenyewe mnauita maski, akaiagiza mashine iufuate uso popote unapokwenda, kisha akatengeneza rangi ndani ya mstari peke yake. Bibi harusi akigeuka, maski inageuka naye. Akiinama, inainama.

Siku moja mwenyekiti wa kampuni fulani alipita mbele ya chungu cha maua, maski ikamwacha ikang'ang'ania chungu. Hotuba nzima mwenyekiti ni kijivu kama maiti, chungu kinang'aa afya. Mzee Rangi alicheka mpaka akamwaga chai yangu kwenye kibodi. Tangu hapo alikuwa akiwaambia vijana kwamba maski haina akili, hufuata chochote kinachofanana, lazima jicho la mtu likae juu yake.

Na jicho ndilo lililokwisha. Daktari alisema mshipa umekufa, hakuna dawa wala miwani. Kwake kijani na kahawia sasa ni kitu kimoja, na sura za watu ni ukungu. Mlipokuwa mkinong'ona kwamba siku hizi anaharibu kazi, niliwasikia, nilikuwa napiga deki hapo hapo miguuni penu. Hamna haya.

Mkewe, wifi yangu kwa mazoea, alifariki mwaka jana. Hakupenda kamera. Video yake ipo moja tu, ya sherehe ya jirani, ukumbi una taa za kijani, na yeye kijani kama mgonjwa. Mzee Rangi alitaka jambo moja kabla ya kuondoka: amrudishie mkewe rangi yake. Alihangaika nayo miezi.

Wiki iliyopita akaniita nikamwone wifi. Nikatazama. Mwanamke mzuri, ngozi imetulia, anapendeza. Ila hakuwa yeye. Wahudumu wenye sinia walipita mbele yake, maski ikamwacha, ikahamia kwa mwanamke wa meza ya nyuma, na mwenzetu hakuona. Miezi yote hiyo alikuwa akimpamba mke wa mtu.

Nilimwambia hivyo hivyo, maana kuzunguka sijui. Akauliza, "Yuko wapi, dada?"

Nikaweka kidole kwenye kioo. Baada ya wale wahudumu, wifi anaipa kamera mgongo mpaka mwisho. Uso wake unaonekana pale mwanzo tu, muda usiotosha hata kukohoa mara moja.

Tukaanza upya. Yeye anasogeza rangi, mimi nasema. Hapana, huyo umemfanya sufuria. Hapana, huyo mwekundu kama nyanya. Kwani ulipokuwa naye ulikuwa ukitazama wapi? Akacheka kidogo. Punguza. Rudisha. Hapo, usiguse tena. Alikuwa yeye, mzima, na kale kaweusi kake chini ya macho.

Nikamuuliza kama anamwona. Akasema anaona kijivu. Akahifadhi kazi, akazima mashine, akakaa.

Sitawadanganya kwamba anaondoka na furaha. Anaondoka mikono mitupu, na anayesema pumziko litamfaa hajakaa naye.

Mzee Rangi, mdogo wangu, ahsante kwa nyuso zote za watu ulizozirudishia uhai. Nenda salama nyumbani kwako, afya iliyobaki ikae nawe. Ile video ukiifungua usione kitu, nipigie simu. Nitakwambia alikuwaje.