Sista Mukonyo na Mtihani wa Wazee

Baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi, Sista Mukonyo Mwololo anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2008. Wengi wetu katika hospitali hii ya Parklands hatujui kazi hii inavyokuwa bila yeye.

Alianzia wodi ya upasuaji, akahamia kwa akina mama wajawazito, na tangu 2001 amekuwa kliniki ya wazee, kile chumba kidogo kando ya famasia. Huko ndiko lilikozaliwa jina "mtihani wa Sista": maswali mafupi ya kupima kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Leo ni siku gani, hapa ni wapi, shika maneno haya matatu, chora saa. Kwa muuguzi mwingine ni kazi ya dakika kumi. Sista Mukonyo kwanza alihakikisha mzee anasikia vizuri na amevaa miwani yake. Jamaa aliyezoea kumjibia alitumwa nje akanunue maji.

Wazee nao walimjibu walivyotaka. Mmoja alipoulizwa hapa ni wapi, alishangaa kwamba muuguzi hajui anapofanyia kazi. Na Januari mwaka huu, katikati ya vurugu za uchaguzi, Sista alipouliza rais ni nani, babu mmoja wa Kabiria alimwomba kwanza afunge mlango. Swali hilo Sista alilipumzisha hadi nchi ilipotulia.

Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa jambo la mwaka 2004. Mama Waceke wa Kinoo alimleta mumewe, Mzee Ephantus, apimwe presha. Kwa mwaka mzima mzee alikuwa akimshutumu mkewe kwamba anamfichia vitu na kumtilia sumu kwenye chai. Wazee wa kanisa walikuwa wamewapatanisha mara mbili, bila mafanikio. Mama alikuwa ameshafungasha nguo ahamie kwa binti yao, Muthoni.

Sista alimsikia mzee akirudia swali lile lile kwenye foleni, akamwita ndani. Mzee alichora saa, namba zote zikasongamana upande mmoja. Yale maneno matatu hakukumbuka hata moja. Sista hakutamka jina la ugonjwa, kwa maana mtihani ule unaonyesha tu nani anahitaji kuchunguzwa zaidi. Alimpeleka kwa daktari, vikafuata vipimo vya damu na picha ya kichwa. Ilipothibitika kwamba ubongo unaugua, na kwamba shuku zile zilitokana na ugonjwa huo, Sista ndiye aliyeketi na Mama Waceke kumweleza. Mama akasema, "Kumbe si kwamba alinichukia."

Alirudi Kinoo, akafungua mzigo wake. Baadhi ya Jumapili Sista alipita kuwaona, akamfundisha namna ya kumwitikia mzee bila kubishana naye. Mzee Ephantus alifariki mwaka jana, mkewe akiwa kando yake. Mama Waceke anasema miaka ile ilikuwa migumu, lakini hakulala tena akijiuliza alimkosea nini mumewe.

Sista, asante kwa subira yako kwa wagonjwa, na kwetu pia. Wewe na mumeo, Mzee Mwololo, mnaporudi Machakos, tunawaombea afya, na asubuhi nyingi zisizo na zamu.

Lornah Ajwang,
kwa niaba ya wenzako wa kliniki ya wazee