Cheti chenye Mstari wa Kijani

MTAALAMU: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Haloo, shikamoo. Samahani, hapo ni kwenye chama cha wale wanaofundisha watoto kusema?

MTAALAMU: Marahaba, ingawa umenizeesha, mama! Ndiyo, chama cha wataalamu wa matamshi na lugha. Mimi natibu watoto, leo ni zamu yangu ya kukaa kwenye simu.

MAMA: Ni mimi niliyetuma jina la bwana mmoja asubuhi, mnitazamie kama ni wenu. Huku kwetu tunamwita Daktari wa Ulimi.

MTAALAMU: Paza sauti kidogo, unakatika—

MAMA: Siwezi. Niko kwenye benchi, nje ya mlango wake. Dada, kuna maneno nimeyasikia saluni. Mwanamke aliyekuwa akisukwa pembeni yangu alisema huyu bwana hajasomea ulimi wala koo, alikuwa muuza miwani. Nikamwambia acha uzushi, wivu tu huo. Lakini yamenikaa kama mwiba wa samaki. Nalala nayo, naamka nayo.

MTAALAMU: Jina nimelitafuta.

MAMA: Ee?

MTAALAMU: Halimo, mama.

MAMA: Tafuta vizuri, dada yangu. Labda kwenye wale wa zamani—

MTAALAMU: Nimeangalia wa zamani na wa sasa. Hayumo, na hakuwahi kuwemo.

MAMA: Mbona ana cheti? Kipo ukutani, kimewekewa kioo. Nembo yenu kabisa, ile ya mdomo na sikio. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini muhuri naujua.

MTAALAMU: Hicho cheti... chini kina mstari wa kijani?

MAMA: Kijani, ndiyo! Kumbe unakijua. Nilijua tu yule mwanamke ni—

MTAALAMU: Ngoja, mama. Hicho si cha kazi. Wetu wana leseni, yenye picha yao. Cha kijani tulikigawa kwenye semina ya wazi. Kila aliyekuja kusikiliza alipewa. Hata dereva aliyeleta viti alipewa.

MAMA: Dereva?

MTAALAMU: Tulitaka watu wajione wamekaribishwa.

MAMA: Haya. Mnamfuta lini?

MTAALAMU: Hapo ndipo penye tabu. Mwanachama wetu akiharibu, tunamwita, tunamhoji, tunamsimamisha. Huyu si wetu. Hatuna pa kumfuta.

MAMA: Yaani wenu akikosea mnamkamata, asiye wenu anaachwa anadunda?

MTAALAMU: Huwa tunaiandikia wizara. Tumeshaandika kuhusu wengine kama yeye.

MAMA: Wakajibu?

MTAALAMU: Haloo? Mtandao una—

MAMA: Mimi nakusikia vizuri, dada. Wakajibu?

MTAALAMU: ...Bado. Niambie, mtoto ana umri gani? Huyo bwana alikwambia ufanye nini nyumbani?

MAMA: Anakaribia miaka minne. Alikuwa na vijineno vyake, "paka", "toka". Mengine ananivuta gauni, ananyoosha kidole. Mtaani wanamwita Bubu, lakini mimi naye tulikuwa tunaelewana. Daktari akasema kidole kinamlemaza. Akinyoosha, nisimpe. Maji nisimpe mpaka aseme maji.

MTAALAMU: Na wewe—

MAMA: Nilifanya! Nimeshika kikombe, yeye analia, mimi nalia, namwambia sema maji, baba, sema maji. Bibi yake akaniuliza una moyo au una jiwe? Nikamjibu, mama, huyu mtu amesoma.

MTAALAMU: Pole, mama. Pole sana. Na sasa?

MAMA: Sasa halii. Anakwenda mwenyewe kwenye ndoo, anachota kwa kiganja. Paka akimpitia miguuni, kimya. Gauni langu haligusi. [Anashusha pumzi.] Atarudi kuniomba, dada? Sitaki hotuba mimi. Anivute tu gauni.

MTAALAMU: Kukuahidi kwa simu siwezi. Lazima aonwe.

MAMA: Basi mwoneni.

MTAALAMU: Aliye upande wenu ni mmoja tu, na foleni yake imefika mwakani. Nakuandikisha sasa hivi—

MAMA: Mwakani! Na hadi mwakani nikae naye vipi?

MTAALAMU: Akitazama kitu, mpe. Mpe huku unakitaja. Usimlazimishe.

MAMA: Ndiyo hivyo tu?

MTAALAMU: Kwa leo... ndiyo hivyo tu. Samahani.

MAMA: Subiri, mlango umefunguka. Anaitwa huyu dada aliyekaa mwisho wa benchi, ndiyo mara yake ya kwanza, mtoto kamng'ang'ania shingo. Nimwambie nini? Haraka, salio linalia.

MTAALAMU: Mwambie asiingie! Na wewe usi—

MAMA: Dada! Ee, wewe mwenye mtoto! Usiingie, njoo kwanza unisikilize, niko na wenye kazi yao hapa kwenye simu. Usimnyime mtoto maji ili aseme. Usimnyime chakula. Usimzuie kunyoosha kidole, ndiyo maneno yake hayo. Usiamini cheti cha ukutani hata kikiwa na kioo, uliza leseni yenye picha. Usione haya kuuliza eti hukusoma.

MTAALAMU: Vizuri, mama. Endelea, nakusikia.

MAMA: Na akikuvuta gauni, dada, hata kama una haraka, hata kama limechanika, usimtoe mkono. Usi—

[Simu inakatika.]