Kakule Gauthier na Kaka Zake Watatu

Kwa desturi maneno haya ya kumuaga marehemu husomwa na ndugu wa damu. Kakule Gauthier hakupata wa kumsomea, basi tumeyaandika sisi majirani zake wa Katoyi, hapa Goma, tuliochoshwa na ngoma zake na tutakaozikosa.

Alizaliwa mtaa wa Keshero, mji huuhuu, tarehe 14 Machi 1989. Vita vya 1996 vilimtenganisha na watu wake karibu na Lac Vert, katika msongamano wa wakimbizi. Watu wa misaada walimpeleka Uganda, na mwaka 1999 akafika Leeds, Uingereza, kwa mama mlezi, Margaret. Alichobaki nacho cha nyumbani ni jina lake na la mtaa wake tu. Hata sura ya mama yake ilikuwa imemtoka.

Alisoma hukohuko. Mwalimu mmoja aliona Kakule ni jina gumu, akambatiza Kevin. Mtoto hakuitika wiki nzima, mpaka mwalimu akasalimu amri. Tuliomjua hatushangai.

Ubishi huo ukawa kazi yake. Akawa raia wa Uingereza, rapa na mshairi, akizunguka shuleni na majukwaani kudai watoto weusi waitwe kwa majina yao na wafundishwe habari za kwao. Kila onyesho alisema hana mtu duniani. Mwaka 2014 mama mmoja wa Butembo, Henriette, alimfuata nyuma ya jukwaa kwa hasira.

“Unasemaka uko peke yako, na unaitwa Kakule? Kwetu Banande, Kakule ni mutoto mwanaume wa ine. Bakubwa yako batatu uliacha wapi?”

Miaka yote alipigania majina ya watu, na la kwake hakujua linasema nini: mtoto wa nne, mwenye kaka watatu. Alilia mbele ya wote waliokuwapo.

Mwaka uliofuata alirudi Goma. Alitangaza redioni, makanisani na kambini Lac Vert, alikowafundisha watoto kughani: “Miye Kakule wa Keshero. Natafuta Paluku, Kambale na Kasereka.” Walikuja wengi wenye majina hayo, ambayo Banande huwapa wana wa kiume wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alikaa nao, akawauliza, akakuta si wao. Wakiondoka alifunga mlango, na siku hiyo hatukumsikia tena.

Hakuoa. Alimpenda Daniella wa hapa Katoyi, na baba yake, muzee Zéphirin, alimwambia, “Kuya wee peke yako kumuomba, nitakupokea.”

“Hapana, papa. Bakubwa yangu njo batakuya kuniombea Daniella.”

Daniella alingoja miaka sita.

Oktoba 2023 alishikwa na homa ya matumbo. Hata kitandani, mlango ukifunguliwa aligeuza kichwa kutazama nani anaingia. Alifariki tarehe 9 Novemba, mkono wake ukiwa katika mkono wa Daniella.

Ameacha mama Margaret, ambaye uzee umemzuia kusafiri, mchumba wake Daniella, wanafunzi wake, na kaka zake, popote walipo. Tulihofia nani angeshika jeneza mbele, mahali pa kaka. Asubuhi hii wamefika Paluku, Kambale na Kasereka, wanaume waliowahi kuitikia tangazo lake na kukutwa si wao. Hatukuwaita.

Kakule, waliokubeba ni watatu. Usitazame tena mlango. Pumzika kwa amani.