Musembi Mwangangi na Hedi ya Gari la Kanisa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Musembi Mwangangi, fundi wa magari wa Ikutha, kusini mwa Kitui. Alituaga Alhamisi iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Musembi Mwangangi, fundi wa Ikutha.

Tangu tutangaze kipindi hiki, kuna waliopiga simu hapa studio kuniuliza, "Huyo si alikuwa fundi tu?" Fundi tu! Sitabishana nanyi. Nitawasimulia siku tatu za mwezi wa Septemba, mwaka 1977, halafu nyinyi wenyewe mtaniambia hiyo "tu" yenu tuiweke wapi.

Musembi alizaliwa kijijini Tulia, kwa mzee mchongaji wa vinyago. Alishika patasi kabla hajashika kalamu. Alichonga vifaru, akachonga swala, na babake alimfundisha kwamba kila kinyago lazima kiwe na sura yake. Mwaka 1958 akaenda mjini Sultan Hamud, akajifunza ufundi wa magari. Mwaka 1966 akafungua gereji yake Ikutha, mabati manne juu ya nguzo. Patasi za babake alikuja nazo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kanisa la pale Ikutha lilikuwa na pikapu moja, Pijo 404. Waumini waliinunua kwa harambee, ya kuwapeleka wagonjwa hospitalini Mutomo. Gari moja, wasikilizaji. Hakukuwa na jingine. Na gari hilo lilikuwa na ugonjwa wake: likiwa na mzigo, likifika kilima cha mawe kabla ya Mutomo, injini inagonga, inapata moto, inazima.

Agosti mwaka 1976 lilizima pale kilimani likiwa limembeba Mutindi, dada mdogo wa Musembi, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Musembi alishuka akasukuma, wengine wakasukuma naye. Gari halikupanda. Mutindi alifia pale pale, na mtoto wake tumboni.

Mjane wa Musembi, Mama Muthoki, aliniambia hivi: "Hakulia. Alifungua boneti akaangalia ile injini vile mtu anaangalia mwizi."

Mwaka mzima aliichunguza. Akaona shida iko kwenye hedi, yaani kile chuma kinachofunika injini juu. Ndani ya hedi ya gari lile kuna vibakuli vinne vidogo, mafundi huviita chemba. Humo ndimo petroli inamowaka. Chemba zile zilikuwa na vinundu na kingo tangu kiwandani, hewa haiingii vizuri, moto hauenei sawasawa. Musembi akasema, mimi nitazichonga.

Hapo ndipo moto mwingine ukawaka. Mzee wa kanisa, Mzee Nzioka, alisimama mbele ya baraza akasema, "Gari ya kanisa si kinyago!" Na alikuwa na haki ya kuogopa. Nyuma ya ukuta wa chemba kuna maji ya kupoza injini. Ukichonga ukazidisha, ukatoboa, hedi imekufa. Hedi nyingine ingechukua miezi miwili kufika. Miezi miwili bila gari la wagonjwa. Baraza lilivutana mpaka likampa Musembi siku tatu. Mzee Nzioka alimnyoshea kidole: "Ukiharibu, usikanyage tena hapa kanisani."

Siku ya kwanza alichonga. Hedi ile ni ya aluminiamu, laini kidogo, inakubali patasi na msasa. Chemba ziling'aa mpaka unajiona. Siku ya pili akafunga injini, akawasha.

Gari likatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Mbaya kuliko mwanzo! Watu waliokuja kutazama wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na Mzee Nzioka akatikisa kichwa.

Musembi alifungua hedi tena, akaitazama, asione kosa. Ni mkewe, Muthoki, aliyeliona. Muthoki alikuwa mhudumu wa zahanati. Akaleta bomba la sindano, kipande cha kioo chenye tundu, na mafuta ya taa. Wakafunika chemba kwa kioo, wakaijaza mafuta kwa bomba, wakahesabu. Kubwa ilichukua mililita hamsini na nne. Ndogo, arobaini na nane.

"Baba Mbula," Muthoki akamwambia, akimwita kwa jina la binti yao, "hapa umechonga watoto wanne, kila mmoja na babake."

Mnaona kosa, wasikilizaji? Ni kosa la mchongaji hodari. Mkono wake ulifundishwa kwamba kila kinyago kiwe na sura yake, nao ukatii. Lakini injini haitaki hivyo. Injini inataka nne zinazolingana. Na chuma ukishakitoa hukirudishi. Dawa ilikuwa moja: zile ndogo zichongwe zaidi, zifike hamsini na nne. Zaidi, kuelekea kwenye maji.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, chemba tatu zilikuwa zimelingana. Ya nne ilikuwa imefika hamsini. Zilibaki mililita nne, na ukuta wa chemba hiyo ndio uliokuwa mwembamba kuliko yote.

Ndipo wanaume sita wakatokea barabarani wamebeba kitanda. Juu yake alikuwa Kaluki, mkaza mwana wa Mzee Nzioka. Uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya. Mzee Nzioka alikuwa mbele yao, anakimbia, kofia imeanguka.

"Funga gari, kijana! Funga sasa hivi!"

Musembi hakuinua kichwa. "Nikifunga hivi, Mzee, itazima kilimani."

"Nimesema funga!"

"Ilizima na Mutindi, Mzee. Wewe ulikuwako."

Musembi akaendelea. Anakwangua kidogo, anajaza mafuta, Muthoki anahesabu. Hamsini na moja. Kaluki analia. Mzee Nzioka amemsimamia Musembi na bakora. Anakwangua, anajaza. Hamsini na mbili. Kila baada ya mkwaruzo alikuwa akigonga ukuta kwa kucha na kutega sikio, vile babake alivyogonga mti kujua umebaki unene gani. Hamsini na tatu.

Akagonga tena. Sauti ilikuwa imebadilika: ukuta umebaki kama karatasi.

Imebaki mililita moja tu. Mkono unataka kumaliza, mnaujua mkono wa fundi. Jasho linamwingia machoni. Akainua patasi, akaiweka chini.

"Umemaliza?" Mzee Nzioka akauliza.

"Hapana, Mzee. Nimeacha."

Ilimchukua saa moja na nusu kufunga. Boliti za katikati kwanza, kisha za pembeni, polepole, huku mzee akimtukana kwa Kikamba ambacho siwezi kukirudia hewani. Halafu wakapanda. Musembi kwenye usukani, Muthoki na mzee nyuma na Kaluki.

Kilima kikafika. Gia ya pili. Muthoki alikuwa akimtazama mumewe kupitia kidirisha cha nyuma. Wakafika kwenye kona ya mawe, pale Mutindi alipofia. Injini ikaivumilia ile mililita iliyopungua, ikanguruma, haikugonga. Ikapanda.

"Nilimwona analia," Mama Muthoki aliniambia. "Lakini mguu hakuutoa kwenye mafuta."

Alasiri ile, hospitalini Mutomo, Kaluki alijifungua mtoto wa kike. Wote wawili wakapona.

Baada ya hapo hedi zilimjia kutoka Kibwezi, kutoka mji wa Wote, hata kutoka Kyuso kule kaskazini. Wenye magari ya mashindano walimfuata Ikutha wakiwa na haraka zao. Aliwakalisha kwenye jiwe wasubiri bomba la sindano lihesabu. Aliyelalamika alirudishiwa hedi yake.

Jumamosi tulimzika. Mzee Nzioka, ambaye sasa ana miaka themanini na minane, aliomba ainuliwe. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuizungumzia siku ile. Hata mara moja. Walimshika huku na huku, akatazama kaburi.

"Nilimwambia afunge gari," akasema. "Nilimtukana. Angenisikia, ningezika mkaza mwana na mjukuu. Asante, Musembi."

Halafu akaketi, na Kaluki akamfunika mabega kwa leso.

Kwako Mama Muthoki, kwa binti yenu Mbula, na kwa ukoo wote wa Mwangangi, Tulia na Ikutha: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu awashike mkono.

Na wewe unayenisikiliza. Asante ya Mzee Nzioka ilikuwa nzuri, lakini Musembi hakuisikia. Yuko mtu aliyewahi kukuokoa, na wewe ukamtukana, au ukanyamaza tu, miaka ikapita. Unamjua. Kama bado yuko hai, zima redio, uende.